Maji ya Goma Yanakwenda Wapi?

Mazungumzo ya elimu ya uraia na amani, yaliyotolewa kwa njia ya redio. Himbi, Goma

Nawasalimu wenzangu wa Himbi, na wa Katindo, Keshero, Ndosho, Majengo na Birere. Nawasalimu pia wanaotusikiliza toka Sake na Minova, toka Kibumba na Rutshuru, na hata ng'ambo ya mpaka kule Gisenyi, maana sauti ya redio ni kama maji: haiombi jetoni.

Katika kipindi kilichopita tulizungumza juu ya ugomvi unaozuka penye robine. Foleni ya mabidoni ni ndefu, maneno yanakuwa makali, halafu mtu mmoja anataja kabila la mwenzake, na papo hapo jambo la maji linageuka kuwa jambo lingine kabisa. Baada ya kipindi kile wasikilizaji waliuliza swali moja kwa namna mbalimbali: haya maji, mwenyewe ni nani? Mmoja alisema ni ya serikali. Mwingine alisema ni ya Mungu, basi hakuna haki ya kuyalipia. Wa tatu alisema ni ya wenye asili, na wageni wangojee nyuma. Huyo wa tatu ndiye aliyenifanya nitayarishe mazungumzo ya leo.

Mimi nimesomea sheria, na ningeweza kufungua kitabu na kuwasomea kifungu. Kifungu kipo, nitakifikia. Lakini kesi ya shamba haiamuliwi ndani ya ofisi. Hakimu mwenye akili anavaa viatu, anakwenda shambani, anazunguka mipaka, anauliza mashahidi: mto huu ulipita wapi zamani, mti huu ulipandwa na nani. Basi leo twende sisi wenyewe tukazunguke mipaka ya maji yetu. Tuanzie hapa hapa Himbi.

Hebu nitafutieni daraja ndani ya mji wa Goma, daraja la kuvukia mto. Hamtalipata, kwa sababu mto haupo. Bukavu wana Ruzizi, Gisenyi wana Sebeya, Rutshuru wana mto wenye jina lao. Sisi wa Goma tumejenga mji mkubwa juu ya mawe ya volkano, na mvua ikinyesha usiku kucha, asubuhi unaikuta imekwisha. Imekwenda wapi? Imeingia katika nyufa. Yale mawe meusi yana matundu na mipasuko mingi, na maji yanayanywa kama vile mchanga unavyokunywa. Yanashuka chini, yanapita gizani, na mengi yanatokea ndani ya Ziwa Kivu lenyewe. Wataalamu waliopima ziwa wamekuta chemchemi chini ya maji upande huu wa kaskazini, nyingine zikitoa maji ya uvuguvugu na chumvi kidogo huko kwenye kina kirefu.

Kwa hiyo msiseme kwamba Goma haina mto. Mto upo, ila unapita chini ya miguu yetu. Na kila unachomwaga katika parseli yako, na kila choo kilichochimbwa kwa kufuata ufa wa jiwe kwa sababu jiwe lenyewe halichimbiki, vinaingia katika mto huo. Kisha tunakwenda ziwani na bidoni.

Sasa tuwasikilize mashahidi wa zamani. Zamani sana maji ya Kivu hayakuwa yakielekea Bukavu. Wataalamu wa mawe na udongo wanakubaliana kwamba bonde letu lote lilikuwa likitiririka kuelekea kaskazini, kwenye Ziwa Edward, na toka huko kuingia njia ya mto Nili. Halafu moto ulitoka ardhini. Milima ya Virunga ilijijenga katikati ya bonde, jiwe juu ya jiwe, mpaka ikaziba njia kama mtu anayeziba mfereji kwa udongo. Maji hayakuwa na pa kwenda. Yakajaa, yakapanda, yakafunika mabonde madogo, na kwa sababu hiyo leo pwani ya Kivu ina vidole vingi na visiwa vingi, na Idjwi ni mlima uliobaki umesimama ndani ya maji. Yalipofika juu sana yalitafuta mlango mwingine, yakaupata kusini, pale Bukavu. Mambo hayo ya mlango wa kusini ni ya yapata miaka elfu kumi hivi iliyopita, ambayo kwa mlima ni kama juzi.

Mtaniuliza: wewe mwanasheria, una ushahidi gani? Ushahidi mmoja ni wa samaki. Wale samaki wadogo wa asili wa Kivu, jamaa za tilapia, wana undugu wa karibu na samaki wa Edward na wa Victoria. Na Tanganyika, ambako maji yetu yanakwenda kila siku, undugu wao uko mbali. Mto unasema kusini, lakini ukoo wa samaki unasema kaskazini. Samaki wa Tanganyika hawakuweza kupanda kuja kwetu kwa sababu Ruzizi inapotoka Bukavu inateremka kwa nguvu katika makorongo. Toka Kivu hadi Tanganyika maji yanashuka karibu mita 700 katika kilometa kama 120. Hakuna dagaa anayeweza kupanda ngazi hizo.

Ndiyo maana Kivu lilikuwa na samaki wachache. Tanganyika lina mamia ya aina za samaki, Kivu halifikii hata aina 30. Tena kutoka mita 60 hivi kushuka chini hakuna hewa ya kupumulia, na gesi imelala kule, kaboni na metani, na samaki hawezi kuishi. Basi mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, vifaranga vya samaki vilichukuliwa Tanganyika vikaletwa kumwagwa Kivu. Waliletwa wa aina mbili, mmoja akashindwa, mwingine akashika maisha. Huyo aliyeshika maisha ndiye sambaza. Ndiye anayevuliwa usiku kwa taa na kwa mitumbwi iliyounganishwa, wavuvi wakiimba. Ndiye aliye katika sahani zetu, ndiye anayesomesha watoto wa mama wengi wa soko la Kituku.

Ndugu zangu, sambaza amekuja juzi, amekuja ndani ya vyombo vya wazungu, tena toka ziwa lingine. Sijasikia mtu hata mmoja pale Kituku akimwuliza babu yake alizaliwa wapi.

Tuendelee na safari. Chukua njia ya Rutshuru, panda Kibati, fika Kibumba. Huku kushoto ni Nyiragongo na Nyamulagira, kulia ni Karisimbi na Mikeno. Ukishapita Kibumba na kuanza kuteremka kuelekea Rugari na Rumangabo, umevuka mpaka mmoja mkubwa kuliko mipaka yote ya Afrika, na hakuna askari aliyekusimamisha. Mvua inayonyesha nyuma yako itakwenda Kivu, Ruzizi, Tanganyika, Lukuga, Lualaba, mpaka Banana kwenye bahari ya Atlantiki. Mvua inayonyesha mbele yako itakwenda mto Rutshuru, Ziwa Edward, Semliki, Ziwa Albert, kisha Sudan na Misri, mpaka bahari ya Mediterania. Na mvua inayonyesha magharibi ya Masisi inafuata njia yake ya tatu, inashuka na mto Lowa moja kwa moja hadi Lualaba, haitaki kuona Bukavu wala Kalemie. Kivu ya Kaskazini ni paa la nyumba. Inamwaga maji pande zote.

Na mipaka ya watu je? Mwaka 1910 wajumbe wa Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza walikaa Bruxelles wakagawana sehemu hii. Walitumia vilele vya volkano na katikati ya ziwa. Walikuwa wanajua kuchora, sikatai, na mipaka hiyo leo ni ya kisheria, inaheshimiwa. Lakini mto Rutshuru haukupewa taarifa. Maji yake mengine yanatoka Uganda, katika Ziwa Mutanda kule Kisoro, yanaingia Kongo, yanapita Rutshuru na Kiwanja, yanaingia Edward, ziwa ambalo sehemu yake nyingine ni ya Uganda tena. Mto mmoja, mataifa mawili, kwenda na kurudi.

Sasa niseme jambo zito. Kutojua njia za maji kumeua watu hapa Goma, tena wengi. Mnakumbuka Julai 1994. Katika siku chache walivuka mpaka watu kati ya laki tano na laki nane toka Rwanda. Walipangwa wapi? Juu ya mawe. Kibumba hapakuwa na maji, yaliletwa kwa malori. Vyoo havikuchimbika, hata makaburi hayakuchimbika. Walio karibu na ziwa walikunywa ziwa, na ziwa hilo lilipokea kila kitu, kwa njia ile ya nyufa niliyowaambia na kwa njia ya wazi kabisa. Kipindupindu kikaingia. Katika mwezi wa kwanza tu walikufa watu wanaokadiriwa kuwa karibu 50,000, wengi wao kwa kuharisha. Siku zile kulikuwa na maneno mengi mitaani, nani ametia sumu, kabila gani limelaani ziwa. Hakuna aliyetia sumu. Jiwe halichimbiki, watu ni wengi, maji ni machafu: hayo matatu yalitosha.

Nalisema hili kwa sababu maneno ya sumu hayajaisha. Kila kipindupindu kinaporudi, na kinarudi mara nyingi, kuna mtu anatafuta adui mwenye sura. Mkisikia maneno hayo penye robine, ulizeni kwanza: choo cha karibu kiko wapi? Bidoni imeoshwa lini? Maji yametiwa klorini na kungojewa nusu saa, au yamenywewa papo hapo?

Tufuate maji kusini kidogo. Pale Bukavu Ruzizi inapotoka ziwani kuna baraji mbili. Ya kwanza ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Ya pili, Ruzizi II, ilianza kazi mwaka 1989, na hiyo ni mali ya nchi tatu kwa pamoja, Kongo iliyokuwa Zaire, Rwanda na Burundi, chini ya kampuni moja inayoitwa SINELAC. Ilikuwa tunda la ile jumuiya ya CEPGL waliyoianzisha mwaka 1976. Fikirini yaliyotokea kati ya nchi hizo tangu 1989. Vita vimekuja na kurudi, mabalozi wamefukuzwa, mipaka imefungwa na kufunguliwa. Kampuni ya mto haikuvunjwa. Sisemi kwamba kila kitu ndani yake ni safi, madeni peke yake ni hadithi ndefu. Nasema tu kwamba mto umewalazimisha kubaki katika karatasi moja hata waliposhindwa kubaki katika chumba kimoja. Tena mwaka 2014 nchi hizo tatu zilitia sahihi mkataba mwingine wa kuunda mamlaka ya pamoja ya bonde la Kivu na Ruzizi.

Na mjue adui wa baraji ya Ruzizi siku hizi ni nani: ni chupa ya plastiki. Takataka za Bukavu na za pwani yote zinaelea, zinakwenda na maji, zinakwama penye milango ya mashine. Mashine zikisimama, giza linaingia mpaka Goma. Kijana anayetupa chupa ziwani mchana, usiku analalamika kwamba SNEL wamemkatia.

Baada ya hapo maji yanapita tambarare ya Ruzizi, Uvira kwa mkono wa kuume na Burundi kwa mkono wa kushoto, yanaingia Tanganyika. Ziwa hilo ni la kale, lina miaka mamilioni, na kina chake kinapita mita 1,400. Lakini mlango wake wa kutokea ni mdogo, mto Lukuga penye Kalemie, na mlango huo si mwaminifu. Stanley alipofika mwaka 1876 aliukuta umezibwa na matope na majani. Miaka michache baadaye ziwa lilipanda likavunja kizuizi, maji yakaenda kwa fujo. Mwaka 2024 Tanganyika lilipanda tena, nyumba za Uvira na za Gatumba kule Burundi zikaingiliwa na maji. Mlima ukikatwa miti huku juu, udongo wake unasafiri. Unapumzika wapi? Katika mitaro ya jirani wa chini.

Kaskazini mambo ni yale yale, ila huko mhusika mkubwa ni kiboko. Msicheke. Katika miaka ya 1970 mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa 1925, ilikuwa na viboko zaidi ya 25,000, wengi katika Edward na katika mito Rutshuru, Rwindi na Ishasha. Kiboko anakula majani nchi kavu usiku, mchana anakaa majini na kutoa kinyesi humo. Kinyesi kile ni mbolea: kinalisha vimelea vya majini, navyo vinalisha samaki. Kisha zikaja bunduki, za kila rangi ya nguo, na nyama ya kiboko ikawa posho. Katikati ya miaka ya 2000 walibaki chini ya elfu moja. Ukiua kiboko umemnyang'anya mvuvi wa Vitshumbi na wa Kyavinyonge, na mvuvi asiyepata samaki upande wake anavuka kwenda upande wa jirani. Mwaka 2018 askari wa majini wa Kongo na wa Uganda walipigana risasi juu ya ziwa hilo, na watu wakafa. Redio zilisema ni vita vya mpaka. Ni kweli, lakini mimi ningeanza kuhesabu tangu kiboko wa kwanza aliyepigwa risasi.

Kuna jambo moja zuri kuhusu Goma ambalo wengi hawalijui. Umeme wa SNEL unatujia toka Ruzizi, mto unaokwenda Atlantiki. Tangu baraji ya Matebe ilipozinduliwa mwaka 2015, umeme mwingine ulianza kutujia toka mto Rutshuru, mto unaokwenda Misri. Kwa hiyo katika avenyu moja ya Himbi nyumba hii inaweza kuwashwa na mto Kongo na jirani yake akawashwa na mto Nili, na wote wawili wanaitana ukuta kwa ukuta kuombana chumvi.

Sasa makala, maana najua mnangojea niwagombeze. Makala mengi ya Goma yanatoka katika mbuga, na mlima ulio wazi unaleta maji kwa hasira. Lakini sitamgombeza mama mwenye sufuria ya maharage ambaye hana umeme wa kupikia. Anayefaa kuulizwa ni yule anayetoza ushuru wa makala barabarani kwa bunduki, awe wa jeshi gani au wa kundi gani. Huyo anajua misitu imekwisha wapi kuliko mtaalamu yeyote.

Mlima ulio wazi: tazameni Mei 2023. Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3, mvua ilishuka magharibi ya Rwanda, Sebeya ikafurika, watu zaidi ya 130 wakafa katika nchi ile. Tarehe 4, siku moja tu baadaye, mvua ilishuka Kalehe, Bushushu na Nyamukubi zikafagiliwa, wakafa zaidi ya 400. Ziwa ni moja, wingu ni lile lile, juma ni moja. Huku tulilia wetu na kule walilia wao, na sikusikia ibada hata moja ya pamoja. Labda ilikuwepo na mimi sikuisikia. Ningefurahi kusahihishwa na msikilizaji.

Tumezunguka shamba, turudi sasa ofisini kwa hakimu. Maji mwenyewe ni nani? Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015, sheria ya maji ya Kongo, inayaweka maji katika mali ya umma. Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa na umeme. Basi yule aliyesema ni ya serikali amepata nusu: serikali inayatunza, raia ana haki ya kuyafikia. Yule aliyesema yasilipiwe, jibu langu ni kwamba maji ya ziwa ni bure ukiyabeba mwenyewe, lakini pampu, bomba, klorini na fundi vina gharama. Haki yako ni kujua bei imepangwa na nani na faranga inakwenda wapi. Na yule wa wenye asili na wageni, nimepekua vifungu vyote, sikuona foleni ya namna hiyo.

Kuna na sheria ya wakati wa vita. Itifaki ya pili ya mwaka 1977, inayoongezwa juu ya mikataba ya Geneva, ni kwa ajili ya vita vya ndani ya nchi. Kifungu chake cha 14 kinakataza kutumia njaa kama silaha, na kwa ajili hiyo kinakataza kushambulia, kuharibu au kuondoa vitu ambavyo raia hawezi kuishi bila hivyo. Vinatajwa kwa jina: chakula, mashamba, mifugo, mitambo ya maji ya kunywa na akiba zake. Kifungu hicho ni kwa pande zote, kwa jeshi la serikali na kwa wanaopigana nalo. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, umeme ulikatika, pampu zikasimama, na mji mzima ukateremka ziwani na mabidoni, kwa miguu na kwa chukudu, wengine risasi zikipita. Na tarehe 3 Oktoba 2024, wakati barabara ya Sake ilikuwa imefungwa na vita, mashua iliyotoka Minova imejaa kupita kiasi ilizama karibu ya kufika Kituku, watu wakitazama toka pwani. Ziwa halikuwaua peke yake. Barabara iliyofungwa ilikuwa ndani ya mashua ile pia.

Basi ninyi mlioniandikia juu ya robine yenu hapa Himbi, nawapa kazi ya kufanya, si maneno matupu. Kamati ya maji ichaguliwe na watumiaji wenyewe, wenye parseli na wapangaji, wenyeji na waliokimbia vita, na wanawake wawe wengi kwa sababu ndio wanaoteka. Bei iandikwe ukutani kwa Kiswahili. Daftari la mapato lifunguliwe mbele ya watu kila mwisho wa mwezi, hata kama ndani yake kuna faranga mia tano tu. Mgonjwa, mjamzito na mzee wapite mbele. Zaidi ya hao, foleni ni bidoni iliyotangulia. Na anayetaja kabila penye robine asipigwe wala asifukuzwe. Bidoni yake ijazwe kwa zamu yake, halafu kamati ikae naye jioni.

Mmoja aliuliza ikiwa mtu wa Gisenyi aliyelala kwa jamaa yake Himbi ana haki ya kuteka. Analipa bei ile ile ya wote. Vivyo hivyo na sisi tukilala kwao.

Juma lijalo, saa hii hii, tutaacha maji tuingie udongoni: tutazungumza juu ya mashamba ya kando ya mto Rutshuru na sheria ya ardhi ya mwaka 1973, hasa jambo la mtu aliyekimbia akarudi na kukuta mwingine amepanda. Mwenye karatasi ya shamba, hata iliyochakaa, aitafute mapema aiweke karibu na redio. Kwa leo, lala salama.